Diko la Umma Liko Wapi Ziwani Naivasha?

Miongoni mwa mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili katika shule za msingi nchini amefundisha kwa miaka mingi, awe yuko Lamu au Lodwar, ni msamiati wa bandarini. Mwanafunzi hukariri nanga, tanga, usukani, kafi na kasia. Huambiwa kwamba omo ni sehemu ya mbele ya chombo na tezi ni sehemu ya nyuma, na kwamba nahodha ndiye mkuu wa wote waliomo. Huyaandika katika mtihani, akapewa alama zake, na maneno yale yakaishia papo hapo. Sina ugomvi na ufundishaji huo, maana lugha haina budi kufundishwa pamoja na makao yake. Ila kila nipitapo barabara ya Moi South Lake, inayozunguka upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, hujiuliza ni kwa nini mtoto wa Karagita, ambaye usiku akiwa kitandani huweza kumsikia kiboko akikoroma, ajifunze maneno hayo kana kwamba ni habari za nchi ya ng'ambo.

Wapo watakaonijibu kwamba kosa ni la vitabu vya kiada, ambavyo aghalabu huandikwa kana kwamba maji yote ya Kenya yako Mombasa. Jibu hilo lina ukweli kidogo. Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimo vitabuni bali imo ardhini. Ziwa liko karibu na mtoto huyo, lakini njia ya kulifikia ni finyu mno. Anayeizunguka Naivasha kwa gari huona ua baada ya ua: mashamba ya maua, hoteli, makazi ya watu binafsi, kambi za watalii, kisha mashamba ya maua tena. Baina ya nyua hizo pana mapito machache ambayo mwananchi asiye na mwaliko wala pesa za kiingilio anaweza kuyafuata mpaka majini. Kamere ni mojawapo na Karagita ni pengine. Wavuvi wanapakuliapo samaki, ndipo wenye mashua za kukodisha wanapowapakia wageni, na ndipo akina mama wanapokuja na mitungi yao. Kila jambo la umma linalohusu ziwa hili hulazimika kupenya katika matundu hayo machache.

Mahali pa namna hiyo Kiswahili hupaita diko, na wengine husema liko. Ni pale chombo kinapofika nchi kavu, watu wakapanda na kushuka, mizigo ikapakiwa na kupakuliwa. Si lazima pawe na gati la saruji wala ofisi ya forodha. Mchanga mgumu na njia ya kuelekea mjini vinatosha. Jina la Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, ambalo wasafiri hulitaja kila siku wakienda kupanda feri, limebeba neno hilo hilo. Walakini ukienda Kamere ukiuliza diko liko wapi, utatazamwa kwa mshangao. Pale husemwa bichi. Nilipokwenda huko na wanafunzi wangu wa isimu kukusanya istilahi za wavuvi, nilimuuliza nahodha mmoja, mtu mzima aliyekuwa akichota maji yaliyoingia katika mashua yake kwa kopo, mahali hapo panaitwaje.

"Bichi, mwalimu," akasema. "Bichi ya umma."

"Na pale penye ile hoteli, wanakoegesha boti zao?"

"Pale ni kwao."

Wanafunzi walicheka, ila mimi naona mzee yule alikuwa ametoa maelezo ya kisarufi yaliyo sahihi kabisa. Katika usemi wake neno "bichi" halisimami peke yake. Hulazimika kufuatwa na "ya umma", kwa kuwa ufuo usiofuatwa na maneno hayo huchukuliwa kuwa ni wa mtu. Kule pwani neno diko halihitaji kivumishi hicho. Diko la mtu mmoja ni jambo ambalo wazee wa pwani wangeliona geni, kama vile njia panda ya mtu mmoja.

Nitakaa kidogo huko pwani, kwa sababu ndiko lugha yetu ilikojifunzia maji. Tazama hori ya Kilifi, au ile ya Tudor inayokizunguka kisiwa cha Mombasa kwa upande wa kaskazini, ambazo wenyeji aghalabu huziita mito ingawa maji yake ni ya chumvi. Neno hori lenyewe ni la ajabu: ni mkono wa bahari uingiao bara, na pia ni mtumbwi mdogo unaopita katika mkono huo. Yamkini maneno hayo mawili yana asili mbalimbali na yalikutana tu katika matamshi, lakini mvuvi hakuona haja ya kuyatenganisha. Katika hori, maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Kwa hiyo mwenye mtumbwi hapangi safari yake kwa saa ya ukutani. Huondoka maji yakianza kupwa ili mkondo umbebe kuelekea baharini, na hurudi na maji yanayojaa, asije akakwama matopeni kwenye mikoko na kulazimika kuutumia upondo mahali alipotarajia kupiga kafi.

Jambo la maana kwetu ni ile ardhi inayoonekana maji yanapokupwa. Saa sita ni ya bahari, saa sita ni ya watu. Wanawake huokota kombe na chaza hapo, watoto hucheza mpira, mafundi hugeuza vyombo na kuviziba kwa kalafati. Hakuna awezaye kujenga nyumba juu yake, maana kabla ya kuezeka bahari itakuwa imesharudi. Na lugha inalijua jambo hilo. Wanaisimu huhusisha neno "pwani" na kitenzi "kupwa": pwani ni pale panapopwa, yaani nchi ambayo maji huiacha na kuirudia. Sheria nayo imelifuata wazo hilo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 62, inahesabu kuwa ardhi ya umma ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Kifungu hicho hicho kinayataja maziwa na mito kuwa ni ya umma pia. Mwenye nyumba ya kifahari Nyali anaweza kuwa na ua mrefu wa mawe upande wa barabara, lakini kule mbele ya nyumba yake mvuvi atapita na nyavu zake begani bila kumwomba mtu ruhusa.

Je, ziwa lina pwani? Swali hili si mchezo wa maneno. Mwalimu wa jiografia atasema kwamba Naivasha haina maji kujaa na kupwa, na kwa maana ya mwezi na jua atakuwa amesema kweli. Lakini Wamaasai, waliolipa ziwa hilo jina, waliona kitu kingine. Naivasha ni matamshi ya Wazungu ya neno la Kimaa ambalo huandikwa Nai'posha, lenye maana ya maji yanayokwenda huku na huku, yenye kuchafuka. Aliyewahi kuwa katikati ya ziwa hilo alasiri hahitaji kutafsiriwa. Asubuhi maji ni kioo, furukombe analia juu ya mti uliokufa, na mpiga makasia anaweza kuvuka bila kulowa. Ifikapo saa nane au tisa upepo huteremka, mawimbi mafupi ya kukatakata huinuka, na mashua nyembamba iliyopakia watu kupita kiasi huwa imeingia hatarini.

Kuna huku na huku kwingine kwa Naivasha, kulikopimwa si kwa saa bali kwa miongo ya miaka. Ziwa hili liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, hivyo kuyapita kwa urefu maziwa mengine yote ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Halina mto unaotoka humo juu ya ardhi, na maji yake huwa baridi na matamu kwa kuwa baadhi yake hupenya chini kwa chini. Uhai wake hutegemea mvua za milima ya Nyandarua zinazoletwa hasa na mto Malewa, pamoja na mto Gilgil. Mvua zikipungua, ziwa hurudi nyuma; zikizidi, husonga mbele. Katika kipindi cha miaka mia moja na ushei, tofauti kati ya usawa wake wa juu na wa chini imepita mita 12. Mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa limejaa sana. Katikati ya miaka ya 1940 lilikuwa limekauka kiasi cha kutisha. Mwaka 2009 lilipungua tena, na magazeti yakaandika kwamba linakufa. Kisha likafufuka. Ziwa dogo la Oloidien, upande wa magharibi, hushuhudia mwendo huo: ukame ukizidi hujitenga na kuwa ziwa la peke yake lenye maji ya magadi, na maji yakijaa huungana na ziwa kubwa kama ghuba.

Basi Naivasha inajaa na inapwa. Kinachotofautiana ni urefu wa kupwa kwake. Bahari ikiiacha ardhi kwa saa sita, hapana atakayewahi kujenga. Ziwa likiiacha kwa miaka kumi na mitano, mtu hulima, mwingine hupima, wa tatu huuza, na wa nne, ambaye hakuliona ziwa lilipokuwa pale, hununua na kujenga.

Historia nayo ilichangia. Kabla ya ukoloni, Naivasha haikuwa na mila kubwa ya vyombo vya majini, na sababu yake ni nyepesi: humo ziwani hamkuwa na samaki wa kuvua. Samaki wa kienyeji alikuwa mmoja tu, mdogo mno, ambaye tangu miaka ya 1960 hajaonekana tena. Wamaasai walileta ng'ombe kunywa maji. Kwao ufuo ulikuwa mahali pa mifugo. Mwaka 1929 lilipandikizwa samaki aina ya bas kutoka Marekani, hasa kwa ajili ya burudani ya walowezi waliopenda kuvua kwa ndoana, na perege wa aina mbalimbali wakaletwa vilevile. Kamba wa maji baridi kutoka Louisiana walifuata mwaka 1970. Kwa muda, mashua za Naivasha zilikuwa za wenye mashamba. Hata kituo cha abiria mashuhuri kuliko vyote ziwani kilikuwa cha angani: mpaka mwaka 1950, ndege za shirika la BOAC zilizokuwa na matumbo kama ya mashua zilitua juu ya maji haya katika safari ya kutoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika, na abiria wakashushwa kwa mashua. Naona ni kinaya kwamba diko la kwanza la Naivasha lenye ratiba lilikuwa la watu waliotoka mbinguni.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliafikiana na chama cha wenye mashamba kandokando ya ziwa kuhusu ardhi ile inayoachwa na maji. Kiini cha makubaliano kilikuwa kwamba wenye mashamba wangeweza kuitumia na kuitunza, ila wasiijenge kwa kudumu, kwa kuwa haikuwa yao. Mpango huo haukuwa mbaya katika nia yake, na huenda ndio uliolinda mafunjo mengi yasifyekwe. Lakini haukumfikiria mtu asiye na shamba. Yule ambaye hana mpaka na ziwa, ila ana ndoo, nyavu, au hamu tu ya kupanda mashua siku ya Jumapili, hakuwa mmoja wa wenye mkataba. Baadaye, mashamba ya maua yalipostawi na maelfu ya wafanyakazi kutoka pande zote za nchi wakahamia Karagita, Kamere, Kasarani na Kihoto, mtu huyo alikuwa ndiye wengi wa wakazi wa ziwa.

Matokeo yake tunayaona. Mvuvi mwenye mashua iliyosajiliwa huondoka dikoni alfajiri na kurudi kabla upepo haujaanza. Anajulikana na kikundi chake cha usimamizi wa ufuo, samaki wake hupimwa, na akichelewa atatafutwa. Lakini wapo wengine ambao Naivasha huwaita wavuvi wa miguu. Hawa hawana mashua, hawana leseni, wala diko haliwatambui. Huingia majini katika mafunjo, maji yakiwafika kifuani, wakiburuta nyavu mahali ambapo viboko hupumzika mchana. Serikali huwahesabu kuwa wahalifu, na ni kweli kwamba nyavu zao za matundu madogo huangamiza samaki wachanga. Hata hivyo mtu haingii kifuani katika maji ya viboko kwa ajili ya uchokozi. Wengi wao wameuawa au kulemazwa na wanyama hao, na kila tukio linapotokea tunaandika habari za mgogoro baina ya binadamu na wanyama, bila kuuliza ni mlango gani uliofungwa hata mtu akapitia dirishani.

Huenda msomaji akadhani nakuza jambo, kwa hiyo na tuende kaskazini tukaone ziwa lingine. Katika Baringo, Wailchamus, ndugu wa Wamaasai kwa lugha, hawakubaki wafugaji tu; walilima kwa kumwagilia maji na kuuza nafaka kwa misafara ya Waswahili iliyotoka pwani katika karne ya 19, nao wakawa wavuvi. Chombo chao cha asili huundwa kwa vipande vya mti mwepesi kama kizibo uitwao ambachi, vinavyofungwa pamoja kwa kamba. Maji hupita baina ya vipande lakini chombo hakizami. Mvuvi huketi chini, miguu ameinyosha, akashika kibao kidogo katika kila mkono na kupiga kafi kama bata apigavyo miguu yake. Hapo mtoto hajifunzi neno kafi kwa mtihani. Na mji wao mkuu wa ufuoni una jina la Kiswahili safi, Kampi ya Samaki, jina ambalo linakueleza papo hapo kwamba pale ni mahali pa kazi na pa watu wengi.

Baringo nayo imeonja upande wa pili wa shilingi. Tangu mwaka 2010 hivi maji yake yaliinuka yakameza hoteli, shule, zahanati na malisho. Peninsula ya Longicharo ikageuka kisiwa, na twiga waliokuwa huko wakawa wafungwa. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 walihamishwa mmoja baada ya mwingine kwa chelezo la chuma lililokokotwa na mashua mpaka hifadhi ya Ruko. Picha za twiga aliyesimama juu ya maji zilizunguka dunia nzima. Wachache walipiga picha za watoto wa Ol Kokwe wanaovuka kila uchao, na ambao hawakupewa chelezo wala, mara nyingi, jaketi la kuokolea maisha. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilikadiria kuwa watu karibu 380,000 walikuwa wameathiriwa na mafuriko hayo na walihitaji msaada.

Nisilisahau Bogoria, ingawa pale hakuna mashua ya kuzungumzia. Waendorois waliondolewa kando ya ziwa hilo baada ya kutangazwa hifadhi mwaka 1973, wakapeleka kesi yao mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa Februari 2010 uliwapa ushindi, na miongoni mwa yaliyoagizwa ni kwamba waruhusiwe kulifikia ziwa bila vikwazo kwa ibada zao na kwa mifugo yao. Kulifikia ziwa: tume nzima ya bara ililazimika kukaa ili kuyasema maneno hayo mawili.

Narudi Naivasha, kwa kuwa mwaka 2025 ziwa lilijibu swali langu kwa njia ambayo nisingeiombea mtu. Maji yaliingia mtaa wa Kihoto, kama yalivyokuwa yameingia mwaka 2020, safari hii kwa nguvu zaidi. Maelfu ya watu walihama. Mashua ambazo kwa kawaida huwapeleka watalii kutazama viboko zilipita katika njia za mtaa, baina ya nyumba, zikibeba magodoro, masufuria na watoto. Kila kizingiti kiligeuka diko. Wataalamu wanabishana kuhusu sababu, kama ni mvua zilizozidi, misitu iliyofyekwa na udongo unaoshuka ziwani, au mienendo ya miamba chini ya ardhi. Na mimi si mtaalamu wa maji. Ninalolijua ni kwamba mahali pale, katika kumbukumbu za usawa wa ziwa, hapakuwa pageni kwa maji. Waliojenga hawakuwa wajinga wala wakorofi. Walinunua viwanja wakati ziwa limekupwa, na hapakuwa na mtu aliyewaambia, kwa lugha wanayoielewa, kwamba wananunua pwani.

Hapo ndipo linapoingia suala la istilahi, na naomba walimu wenzangu wasilione kuwa jambo dogo. Sheria zetu za ardhi zimeandikwa kwa Kiingereza, na neno linalotumiwa kwa ardhi ya kandokando ya maji ni neno ambalo mwuza kiwanja hulitamka kwa shida na mnunuzi hulisikia kwa mara ya kwanza siku nyumba yake inapobomolewa. Tunayo maneno yetu. Tanzania, kandokando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, mahali pa kupakulia samaki huitwa mwalo, na neno hilo limeingia hata katika nyaraka za serikali. Mkazi wa Kigoma akikuelekeza mwalo wa Kibirizi haongezi kwamba ni wa umma. Wajaluo wana wath, na wengi wa wavuvi wa Naivasha walikuja na neno hilo kutoka Nyanza. Tukiamua kusema diko, au mwalo, sitagombana na mtu. Nitagombana na yule anayesema kwamba hakuna haja ya neno lolote kwa sababu bichi inatosha, kwani bichi, katika masikio ya Wakenya wengi, ni mahali pa kustarehe palipolipiwa.

Upande wa mamlaka, udhuru hakuna. Jedwali la nne la Katiba linaziachia serikali za kaunti kazi ya vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na za kimataifa. Wengi huidhani kazi hiyo ni ya Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu peke yake. La hasha. Nakuru, ambayo makao yake makuu yalipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, ina bandari zake pia, japo ni za mchanga na matope: Kamere, Karagita na nyinginezo. Kuna Halmashauri ya Masuala ya Baharini, ambayo jukumu lake linafika mpaka vyombo vidogo vya maziwani, na inapasa kuonekana dikoni mara nyingi zaidi kuliko baada ya ajali. Mambo yanayotakiwa hayana gharama ya kutisha. Choo. Kivuli. Kibao chenye idadi ya abiria kwa kila mashua, kilichoandikwa kwa Kiswahili. Majaketi ya kuokolea maisha yenye vipimo vya watoto, kwa maana nimeona mtoto wa miaka saba akivishwa la mtu mzima, ambalo angetumbukia lingembakia juu ya maji yeye akiteremka.

Na walimu? Kila muhula mabasi ya shule hufika Naivasha, wanafunzi hupelekwa Elsamere kuona nyumba ya Joy Adamson, kisha hula mkate na soda na kurudi Nakuru, Njoro au Nyahururu. Ziara hiyo ni njema. Nusu saa zaidi katika Kamere, asubuhi kabla upepo haujashuka, ingewapa wanafunzi somo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulitoa. Mwache mvuvi awaonyeshe omo na tezi. Mwache awaambie yeye anaviitaje, maana huenda akatumia maneno ya Kijaluo, ya Kiluhya au ya mtaani, na hilo nalo ni isimu. Wanafunzi wangu walirudi na orodha ya maneno 63, na kati ya hayo ni machache tu niliyoyakuta katika kamusi. Moja walilolipenda sana ni "kukaushwa", ambalo halina uhusiano na samaki: ni kunyimwa njia na mwenye ua, mpaka mtu azunguke kwa miguu na kafi begani.

Wakati huu ziwa likiwa limepanda, nyua nyingi zimo majini na mipaka haisomeki. Ni wakati mzuri kwa wapimaji wa kaunti kwenda na mashua, badala ya gari, wakaweka alama za njia za Kamere na Karagita kuanzia barabarani mpaka pale maji yalipofika safari hii, na ramani hiyo ikabandikwa ukutani katika ofisi ya chifu, mahali ambapo mnunuzi wa kiwanja anaweza kuiona kabla hajatoa pesa zake.